Mwalimu Vasemaca na Imla ya Ijumaa Ile

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukulaze kando ya Baba pale juu ya shule, mahali ulipopachagua mwenyewe ili, kama ulivyosema, uendelee kuwasikia watoto wakikosea. Mvua ilinyesha siku hiyo na Kolinio akasema hata mbingu zinakulilia. Mimi nilikuwa nimemfunika mchungaji kwa mkeka asilowe.

Familia imeniachia mimi kalamu. Wanasema Unaisi ndiye mwenye mkono wa kuandika. Kolinio, mwanao wa kiume, alitaka tangazo liwe fupi: picha yako, tarehe, mstari wa zaburi, majina yetu, basi. Gazeti halipendi maneno mengi, akasema. Nikamjibu kwamba Mama hakukubali neno likatwe mkia, alitaka liandikwe lote, na yeye anakumbuka vizuri vibao alivyokula kwa hilo. Akacheka. Basi sikiliza, Mama. Wanaosoma pembeni nao wasome. Hapa kijijini Nacobi hakuna siri tena, na ile iliyokuwepo nilifichwa mimi peke yangu.

Nianze na mema yako, maana ni mengi na sitakudhulumu hata moja.

Ulifundisha shule ya Nacobi tangu paa lilipokuwa la nyasi mpaka likawa la bati, kimbunga kikaling'oa, likarudi kuwa la bati tena. Ratiba yako ya wiki ilijulikana hata na watu wa boti. Jumatatu maneno mapya ubaoni. Jumanne tunayapigia makofi, silabi kwa silabi, mpaka mbwa wa mchungaji wanabweka. Jumatano kila mtoto anaandika kwa kidole mgongoni mwa mwenzake, na mwenzake anabahatisha ni neno gani. Alhamisi sentensi. Ijumaa, baada ya sala, imla. Ulisoma kila neno lenyewe, kisha ndani ya sentensi, kisha lenyewe tena polepole, ukipita katikati ya madawati na vumbi la chaki kwenye sketi. Na sentensi zako zilikuwa habari za kijiji. "Soko. Mama yake Semi alikwenda sokoni na hajarudisha ndoo ya watu. Soko." Ijumaa watu wazima walisimama nje ya dirisha wasikie wiki hiyo wamesemwa nini.

Aliyepata maneno yote ulimpa pipi moja ya ukwaju. Asiyepata hata neno moja ulimpa mbili, kwa sababu, ulisema, huyo ndiye mwenye huzuni. Kuna wazazi walilalamika kwamba wanao wanakosea makusudi. Ulicheka na kuendelea kugawa.

Vita vyako vikubwa vilikuwa na herufi moja. Kwa lugha yetu c husomwa dh, na jina lako lenyewe wageni walilivunjavunja mpaka uwanyooshe. "Si Vasemaka, bwana, wala si Vasemacha. Vasemadha." Sasa mtoto wa kwetu akisikia dh kwenye Kiingereza, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye c. Mama kwa Kiingereza tuliandika maca. Baba tuliandika faca. Ulichora c kubwa ubaoni, ukaiwekea macho na miguu, ukasema: "Huyu ni ndugu yetu na tunampenda. Lakini kwenye Kiingereza hakualikwa kazi hii. Mwacheni nyumbani alinde kuku." Darasa zima tulicheka, kisha tukainama na kuandika c tena.

Taraivini alikuja kwetu tukiwa Darasa la Nne. Kimbunga kile kilichong'oa paa la shule kilimchukua mama yake kule ng'ambo ya ghuba, na baba yake, Mjomba Isoa, kaka yako, akamleta kwa boti akiwa na gauni alilovaa na sufuria mkononi. Hatukujua sufuria ilikuwa ya nini na hakuna aliyeuliza. Ulimlaza kwenye mkeka wangu ukasema, "Kuanzia leo mna mama mmoja." Nami nilikubali, Mama. Hukunisikia nikinung'unika hata siku moja. Binamu ni binamu, utani haukosi: yeye aliniita Mbu kwa ajili ya miguu yangu, mimi nikamwita Sufuria. Alhamisi jioni tuliulizana maneno huku tukimenya magimbi. Tulikuwa na mchezo wetu pia, wa kuandikiana vikaratasi vya siri, Kiingereza kwa herufi za nyumbani, c kila mahali, tukiamini hakuna mtu duniani awezaye kuvisoma. Wewe ulivisoma na kucheka peke yako jikoni.

Usiku wa kimbunga ulimwachia ndoto mbaya. Alikuwa akimwita mama yake usingizini, na mimi ndiye niliyemgeuza upande wa pili na kumfunika shuka. Haya uliyajua, maana nilikusimulia.

Tulipofika Darasa la Nane, shule moja ya bweni ya wasichana kwenye kisiwa kikubwa ilituma habari kwamba ina nafasi ya bure kwa msichana wa Nacobi. Nafasi yenyewe ni moja. Mwalimu mkuu, Bwana Veremalua, alizijumlisha alama zetu, akazijumlisha tena, akavua miwani. "Unaisi na Taraivini wako sawasawa," akasema. "Imla ya Ijumaa ndiyo itakayoamua." Wewe ndiye msomaji na wewe ndiye msahihishaji, na hakuna aliyeona ubaya. Mmoja umemzaa, mwingine ni damu ya kaka yako. Nani angekushuku Mwalimu Vasemaca?

Niliitaka nafasi ile, Mama. Sitajifanya mtakatifu mbele ya wasomaji. Nilitaka kuwa mwalimu kama wewe. Nilishakuambia hivyo tukiosha vyombo, nawe ukanimwagia maji usoni kwa utani na kusema, "Wewe utanishinda hata mimi." Nililala na maneno hayo kama mtoto mwingine anavyolala na mwanasesere.

Ijumaa ile hukutembea katikati ya madawati. Ulisimama dirishani, mgongo kwetu, na maneno uliyasoma kama mtu mwenye haraka. Neno la mwisho lilikuwa la hali ya hewa. "Weather. Boti haitavuka kama hali ya hewa ni mbaya. Weather." Niliandika, nikakunja mikono. Ulikusanya karatasi, ukakaa mezani na kalamu nyekundu, na tukasikia hata kuku wa Bwana Veremalua.

"Taraivini, yote sahihi," ukasema. Wenzetu wakapiga makofi. "Unaisi. Moja umekosa. Weather umeandika w-e-c-a."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Binti wa mwalimu, na c yake!

"Hapana, Mama. Niliandika th."

"Darasani mimi si Mama."

"Mwalimu, niliandika th. Naomba nione."

"Unaisi, macho yangu yameshawahi kukosea?"

Hayajawahi kukosea. Hiyo ndiyo taabu ya kuwa mtoto wa mtu mkweli, kwamba siku akidanganya huna pa kushika. Nilikaa chini. Karatasi hukunirudishia, jioni ulisema umeiwashia moto bila kuangalia. Ulitukaangia maandazi siku hiyo ingawa haikuwa sikukuu, ukaniwekea mimi yale makubwa, ukanikalisha karibu na wewe na kunisuka nywele polepole. Nilidhani unanipa pole. Nikasema moyoni, ona Mama anavyonipenda, hata baada ya aibu niliyomtia mbele ya shule nzima.

Nikaulaumu mkono wangu. Nilijiambia ni ule mchezo wetu wa vikaratasi umeniponza, mkono umezoea c na umeniuza. Nilipokuwa peke yangu niliandika weather mchangani, tena na tena, na kila mara ilitoka sahihi, na kila mara nilijiambia, sasa ndiyo unajua, mjinga wewe.

Taraivini alikwenda bweni. Mimi nilipata jina. Waisake, binamu yake Baba na mtani wa kijiji kizima, ndiye aliyelianzisha kabla boti haijapotea machoni. "Weca! Haya tuambie, Weca, kesho mvua au jua?" Likanata. Dukani niliitwa Weca, kanisani Weca. Siku ya harusi yangu na Apakuki mchungaji alijisahau akasema, "Je, wewe Weca unakubali?" na kanisa likacheka mpaka wazee wakapaliwa. Nilicheka nao. Mtu akikataa jina la utani hapa kwetu, analikaza.

Na wewe, Mama, uliniita Weca.

Si mwanzoni. Mwanzoni ulikuwa ukiondoka mahali likitajwa, nami nikadhani unaniona huruma. Lakini miaka ilipita, mdomo ukazoea, na uzeeni ikawa "Weca, niletee chai," "Weca, mgongo wangu." Ulijua sikuliandika neno lile namna hiyo. Ulijua wewe, na ukaniita hivyo kutoka kitandani, na mimi nikaitika.

Sikulalamikia maisha yangu wala silalamiki leo. Nilisoma kidogo shule ya hapa kisiwani, kisha Baba akaugua, na mimi ndiye niliyekuwepo. Nimesuka mikeka, nimelima magimbi, nimezaa watoto wanne, na mume niliyempata hapigi kelele. Taraivini amekuwa daktari wa meno Suva. Kila Krismasi alituma vitambaa, mikebe ya biskuti na barua yenye maneno yaleyale: sitasahau ulichonifanyia. Nilidhani anashukuru kwa mkeka.

Ukutani kwetu kulikuwa na jino la nyangumi, lile kubwa lenye kamba ya zamani. Kila Jumamosi nililipaka mafuta ya nazi na kulisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa rangi ya asali. Niliwahi kukuuliza lilitoka wapi. "Kwa mjomba wako," ukasema. "Mambo ya watu wazima." Nikaendelea kusugua.

Miguu yako ilipokataa nilikuhamishia kwangu. Nilikuogesha, nilikuchemshia chai ya majani ya mlimau, nilikuchana nywele. Sisemi haya nijisifu, majirani wote waliona. Nayasema kwa sababu ulimi wako ulikuwa mzima mpaka asubuhi ya mwisho. Ulinisimulia nani aliiba nguruwe wa kanisa. Ulinisimulia uchumba wa Bwana Veremalua na mwanamke wa Suva ambao hata mkewe hakuujua. Siri za watu ulizimwaga zote mapajani mwangu kama maharage ya kuchambua. Ya kwangu uliiruka, kila siku, na kila siku nilikuwepo.

Juma lililopita tulikusanyika kuvua nguo nyeusi za msiba wako. Wanaume walikuwa wanapanga mawe ya tanuri la ardhini, sisi wanawake tunamenya magimbi nyuma ya nyumba, maneno mengi kuliko kazi. Taraivini akashuka botini na sanduku lake, amependeza. Waisake, mzee sasa lakini mdomo haujazeeka, akasimama na kumpigia saluti.

"Karibu, daktari! Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini umesomea meno. Wenzio huingia shule kwa kalamu, wewe uliingia kwa jino!"

Kila mtu alicheka. Kisha wakaniona, wakakatisha kicheko mmoja baada ya mwingine. Visu vikasimama.

"Jino gani?" nikauliza.

Waisake akajifanya ameitwa upande wa tanuri.

"Bibi Ateca, jino gani?"

Bibi Ateca, jirani yako wa siku zote, aliweka gimbi chini. "Mwanangu, tulidhani unajua."

"Najua nini?"

"Ee Mungu wangu. Tulidhani Vase alikuambia kabla hajafa. Mtu anauguzwa na mwanawe miaka yote ile, asimwambie?"

Akanieleza mbele ya wote. Alikuwepo. Ilikuwa Jumatano ya juma lile la imla, na Mjomba Isoa alivuka ghuba, akaingia nyumbani kwetu kwa magoti, akaweka mkekani mbele yako na Baba jino la nyangumi, lilelile nililokuwa nikilisugua, ambalo kwetu huombewa jambo zito. Alisema, "Dada, wako ana mama, tena mama mwalimu. Wangu ana nani? Nakuomba nafasi ile." Ulilia, anasema Bibi Ateca. Ulilia mpaka ukashika nguzo. Lakini jino la kaka likishafika mkekani, dada analikataaje? Baba alilipokea, mkapiga makofi ya heshima, na Jumatano hiyohiyo jioni kijiji kizima kikajua. Mimi nilikuwa kisimani na Taraivini, tunaulizana maneno.

"Na hakuna aliyeniambia," nikasema.

"Tuliona aibu," akasema mwanamke mmoja. "Kisha tukakuona unalichekea jina lenyewe, tukasema basi, yamekwisha."

Kikulacho ki nguoni mwako, Mama. Changu nilikuwa nimekivaa, cheusi, mwaka mzima, kwa ajili yako.

Nikamgeukia Taraivini. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, uso umemshuka. "Wewe ulijua?"

"Nilijua la jino. Baba aliniambia siku ninaondoka. Lakini alisema wewe ulikubali, Unaisi. Alisema, binamu yako amekuachia."

"Nimekuachia!"

"Nilidhani uliandika ile c makusudi ili mimi nipite. Ndiyo maana watu wakikuita Weca nilikuwa naona fahari. Nilidhani ni jina la heshima, la mtu aliyetoa chake." Akaanza kulia. "Barua zote zile, wewe ulidhani nakushukuru kwa nini?"

"Kwa mkeka."

"Mkeka gani, wewe Mbu? Nikuandikie miaka yote kwa ajili ya mkeka?"

Tungecheka siku nyingine. Siku hiyo tulikaa tu, wawili, kwenye maganda ya magimbi, na ukweli ni kwamba yeye pia ulimfanya mwizi bila yeye kujua. Aliishi akidhani amepewa zawadi, kumbe alibebeshwa kitu cha wizi na mtu aliyemwita mama.

Sikukuvulia nguo nyeusi kwa moyo mweupe, Mama. Niliivua kwa sababu Kolinio alikuwa amenishika mkono. Mchungaji alizungumza kuhusu mwalimu mwaminifu, na watu wakaitika amina, nami nikaangalia mikeka.

Baada ya chakula, ukumbini, wazee wamekaa mbele na bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha heshima, katikati, Taraivini alitambaa mpaka mbele akiwa na jino la nyangumi mikononi. Mwanamke kufanya hivyo peke yake ni jambo geni, lakini baba yake hayupo tena na kaka hana. Aliomba apewe Losalini, kitinda mimba wangu, mjukuu wako wa Darasa la Sita uliyekuwa ukimsomea maneno kutoka kitandani. Alisema atamlea Suva, atamsomesha katika shule nzuri, atakuwa mwanawe na mwanangu. Akaweka jino mkekani mbele yangu na Apakuki, akainamisha kichwa.

Niliona anachotaka kulipa, na moyo wangu ulimwendea. Lakini mkono wangu haukwenda.

Kolinio akaninong'oneza, "Dada, lipokeeni. Watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Wamezoea kuangalia na kunyamaza."

"Unaisi, usitutie aibu."

Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Binamu, sikukatalii. Ila mwenye safari hajaulizwa." Na nikamwita mtoto. Alikuwa dirishani na wenzake, anakula shelisheli, akaingia akifuta mikono kwenye gauni.

Mzee mmoja wa mbele akaguna. "Mtoto haulizwi mbele ya jino."

"Ndiyo, mzee," nikamjibu. "Ndiyo maana mimi naitwa Weca."

Hakuguna tena. Apakuki, ambaye hapigi kelele, alisogea kidogo ili mtoto apate pa kukaa.

"Losalini, mama mdogo Taraivini anataka ukakae kwake Suva, usome huko. Unataka?"

Alimtazama Taraivini, akalitazama jino, akanitazama mimi.

"Naweza kusema hapana?"

"Unaweza."

"Na jino je?"

"Litarudi na mwenyewe. Hakuna atakayekugombeza."

Watu walikohoa. Mtoto yule ana tabia ya kufikiri akitafuna nywele, na alizitafuna vya kutosha.

"Basi nataka kwenda," akasema. "Lakini Krismasi nirudi."

Tukalipokea jino, mimi na baba yake, na makofi yakapigwa, na mimi nikalia mbele ya watu kama sikulia siku ya mazishi yako. Nyumba itakuwa tupu bila yule mtoto, hilo ni kweli. Lakini nililia kwa sababu niliona jinsi ilivyo rahisi. Kumuuliza mtoto hakukuchukua muda wa kumenya gimbi moja. Wazee hawakufa. Paa halikuanguka. Desturi imebaki palepale ilipokuwa, na Taraivini ameondoka na alichokiomba.

Nimekutafutia udhuru, Mama, siku zote hizi tangu tuvue nguo. Kaka yako alikuwa amefiwa. Jino lilikuwa mkekani. Mtoto hakuwa na mama. Yote nayaelewa, na Kolinio ananiambia nikielewa basi nisamehe, kana kwamba ni maneno mawili yenye tahajia moja. Bado sijafika huko. Mjomba alikuomba kwa heshima zote, nawe ukampa kwa heshima zote, na mimi niliyekuwa na kitu chenyewe ndiye peke yangu ambaye hakuna aliyeniomba. Ukanifanya niukosee imani mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa nikimfunika Taraivini shuka, Mama. Nilimsikia akimwita mama yake kabla wewe hujamsikia. Ungenikalisha jikoni Jumatano ile ukaniambia, Unaisi, mwenzako hana kitu, mwachie, ningelia siku mbili na ningempa.

Ungeniuliza, ningempa.

Wanaokukumbuka ni wanao, Unaisi na Kolinio; wakwe zako, Apakuki na Salote; Taraivini, uliyemlea; wajukuu wako wote, na kati yao Losalini, aliye Suva; Bibi Ateca, jirani yako; Waisake, anayeomba radhi; na watoto wote wa Nacobi uliowafundisha kuandika. Hatutakusahau kamwe, Mama. Mimi hata nikitaka, siwezi.